Nikichaji lipo, nakaa nayo

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa bafuni, sabuni kichwani, Jumapili jioni baada ya siku nzima ya kurusha ndege yangu ndogo ya rimoti kiwanjani. Harufu tamu ikapenya dirishani, kama ile ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nikadhani binti wa chumba cha pili anajipamba. Mara nikasikia fsssss, kama jiko la gesi lililofunguliwa bila kuwashwa, na mtoto akapiga kelele uani: "Moto! Moto kwa anko!"

Nilitoka na taulo. Pale kibarazani, juu ya sakafu ya saruji, betri ya ndege yangu, lipo (yaani lithiamu-polima), ilikuwa imetuna kama andazi na inatoa moshi mzito mweupe. Kabla sijafika, moshi ukashika moto. Ulimi wa moto ukarefuka kiasi cha mkono, ukavuma, ukapungua. Nikadhani umekwisha. Seli ya pili kati ya tatu zinazounda betri ikapokea, halafu ya tatu. Yote hayo hayakufika dakika mbili. Kiti cha plastiki kilichokuwa jirani kiliyeyuka ubavu mmoja, chaja ikageuka kaa, masizi yakapanda ukutani hadi usawa wa bati. Mpangaji mwenzangu alizima umeme kwenye swichi kuu, akakimbilia fungu la mchanga wa ujenzi pale nje, akarudi na karai zima na kuumwaga wote.

Mama mwenye nyumba alitoka amejifunga kanga kifuani. Hakugomba. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi.

"Mwanangu, kitu hiki huwa unalala nacho chumbani?"

"Ndiyo mama. Huwa nakichajia pembeni mwa kitanda."

Siku ile nilikuwa nimechajia nje kwa sababu moja tu: soketi ya chumbani ilikuwa imeharibika tangu Ijumaa.

Nawaandikia wanaonunua ndege, gari au boti ya rimoti kwa mara ya kwanza, na wale walionunua zamani na hawajawahi kupatwa na lolote. Wa pili ndio nawahofia zaidi, maana mimi nilikuwa mmoja wao. Nilichaji miaka mitatu bila tatizo, nikaamini kwamba betri hizi hazina shida. Nilipokaa chini na kufuatilia nyuma hatua kwa hatua, niligundua kwamba moto wa saa kumi na mbili jioni uliwashwa saa nane mchana, kiwanjani, kilomita kadhaa kutoka kwenye ile chaja.

Saa nane ndege ilipiga mbizi. Upepo uliibinua mkiani nikachelewa kuirekebisha, ikajikita pua ardhini. Kwenye ndege ndogo za povu, betri hukaa puani ili kusawazisha uzito, kwa hiyo ardhi inapogonga, betri ndiyo inayopokea. Niliichomoa, nikaona kona moja imebonyea, kibonyeo kidogo kama punje ya hindi. Nilikipapasa kwa kidole gumba. Volti nikapima, zipo. Nikaitupia kwenye mfuko wa boda pamoja na nyingine, nikaendelea kurusha.

Ndani ya kila seli kuna mikanda myembamba iliyopangwa tabaka juu ya tabaka: foili ya shaba iliyopakwa grafaiti upande hasi, foili ya alumini iliyopakwa oksidi ya metali, mara nyingi yenye kobalti, upande chanya, na katikati yake utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Vyote vimeloweshwa kimiminika kinachoshika moto upesi. Ule utando ndio unaozitenga pande mbili zisikutane. Ukiuchubua mahali pamoja, umeme unapita pale penye mchubuko, pale panapata joto, na joto likifika kama nyuzi 130 plastiki yenyewe inaanza kuyeyuka. Pande zinakutana kwa eneo kubwa zaidi, joto linapanda zaidi, na upande chanya ukishapata moto wa kutosha unatoa oksijeni. Ndiyo maana moto wa lipo haukosi pumzi hata ukiufunika. Mchanga ule wa mwenzangu haukuuzima. Uliuzuia usitambae, ukanywa joto, na hilo likatosha.

Kuna habari moja naipenda katika historia ya betri hizi. Akira Yoshino, Mjapani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 pamoja na John Goodenough na Stanley Whittingham, aliijaribu betri yake mwaka 1986 kwa kuidondoshea pande zito la chuma, katika eneo lililotengwa kwa majaribio ya milipuko. Ya kwake haikufanya kitu. Alipoirudia kazi hiyohiyo kwa betri yenye lithiamu ya metali tupu, ililipuka vibaya. Miaka mitano baadaye Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ioni. Kwa hiyo tangu mwanzo swali la betri hizi lilikuwa hilohilo: ikigongwa itakuwaje? Jibu zuri la Yoshino halitufikishi mbali sisi wa ndege, kwa sababu lipo zetu, ili ziwe nyepesi, hazina hata ganda gumu. Zimefungwa kwenye kifuko laini cha foili ya alumini na plastiki. Ukucha unaweza kukitoboa.

Siku hizi betri iliyogongwa haiingii kwenye mfuko. Naiweka chini peke yake, mahali penye kivuli pasipo na nyasi kavu, naiacha nikiiona kwa zaidi ya nusu saa. Ikiwa imebonyea, imechanika au ina harufu ile tamu, safari yake imeishia hapo, hata kama niliinunua wiki iliyopita. Najua inauma. Betri ya seli 3 yenye mAh 2200 (mAh ni kipimo cha umeme inaobeba) kwetu si pesa ya kuchezea, na mara nyingi imeletwa na ndugu kutoka Dubai au Muscat baada ya kuombwa miezi miwili. Kwa wanaoleta, wakumbushe kwamba betri za akiba husafiri kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloshushwa tumboni mwa ndege, na ncha zake zifunikwe kwa selotepu. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100 kwa betri moja. Ya kwangu ni volti 11.1 mara saa-ampea 2.2, kama saa-wati 24, kwa hiyo haina neno.

Jambo la pili linalotengeneza moto mapema ni kuikamua. Lipo haitaki kushuka chini ya volti 3 kwa seli, na mwenye busara hafiki hata karibu na hapo. Mimi naitumia asilimia 80 tu. Kwa betri ya 2200, hiyo ni kama mAh 1760, na njia ya kuijua ni rahisi. Siku ya kwanza na ndege mpya ruka dakika nne, tua, kachaji, usome chaja imerudisha mAh ngapi. Ikisema 1100, unajua dakika moja inakula kama 275, na dakika sita zitakupeleka 1650. Weka saa ya rimoti kwenye sita na uitii, hata kama wenzako wanashangilia. Ikitua na kupumzika kidogo, kila seli iwe inasoma kama 3.7 hivi.

Naomba niseme kuhusu kubusti. Betri ikishuka sana, chaja nzuri inakataa kuichaji, inalia na kuandika kwamba volti ni ndogo mno. Hapo atatokea mtu wa kukuonyesha ujanja: ibadilishe chaja iwe kwenye programu ya NiMH (aina nyingine ya betri, ya nikeli), isukume dakika mbili tatu volti zipande, kisha irudishe kwenye lipo. Mafundi wa simu wanalijua sana hili, na wengi wamelifanya mara mia. Nawaheshimu mafundi, nimejifunza kulehemu kwao, lakini hapa nawapinga waziwazi. Seli ikishushwa kupita kiasi, shaba ya upande hasi huanza kuyeyuka ndani ya kile kimiminika. Ukiichaji tena, shaba ile hujishika mahali pasipo pake na inaweza kuota hadi ipenye utando. Betri itaamka, itaruka, pengine mara kumi, huku imebeba ndani yake kibonyeo kama kile changu ambacho jicho halikioni. Chaja ikikataa, inajua inachokataa.

Na programu ile ya NiMH ina hatari yake peke yake. Betri za NiMH zikijaa, volti hushuka kidogo, na chaja huisubiri ile dalili ili izime. Lipo haishuki hivyo. Ukiisahau kwenye programu hiyo, chaja itaendelea kusukuma ikisubiri dalili ambayo haitakuja.

Sasa tuje mezani kwenyewe. Seli moja ya lipo ya kawaida ikijaa ni volti 4.20, wala si 4.3. Ziko zinazoandikwa HV (volti ya juu) ambazo hujazwa hadi 4.35, na hizo zina programu yake. Seli 3 zikijaa ni 12.6. Chaja husukuma ampea ulizoagiza bila kupunguza mpaka betri ifike 4.20 kwa seli, kisha inashikilia volti hapohapo na kuacha ampea zipungue zenyewe taratibu, mpaka zikibaki chache sana inazima. Ndiyo maana robo ya mwisho huwa ndefu, na ndiyo maana watu huchoka kusubiri hapo.

Jumla ya volti peke yake inadanganya. Seli moja ikiwa 4.35, nyingine 4.10 na ya tatu 4.15, jumla ni 12.60 kamili. Kwa nje betri imejaa vizuri, kwa ndani seli moja inapikwa. Kazi ya ile plagi nyeupe ndogo, yenye waya nne kwa betri ya seli 3, ni kuiwezesha chaja kusoma kila seli na kuzisawazisha. Mimi sichaji bila kuichomeka. Hakuna haraka yoyote maishani mwangu inayonitosha kuiacha.

Utaratibu wangu niueleze polepole, maana makosa mengi yako kwenye mikono. Plagi mbili za mviringo, nyekundu na nyeusi, zinaingia kwenye chaja kwanza. Betri inakuja baadaye. Ukianza na betri, zile ncha mbili zinaning'inia zikiwa na umeme, zikigusana zinatoa cheche ya kuunguza vidole na kuyeyusha shaba. Kutoa ni kinyume: betri kwanza, chaja mwisho. Kisha nachagua LiPo, naangalia tena kwamba ni LiPo, naweka idadi ya seli na ampea. Nabonyeza kitufe na kukishikilia. Chaja yangu, kama nyingi za aina yake, inapima kwanza, halafu inaandika mstari mmoja: R:3SER S:3SER. R ni seli ilizozikuta yenyewe, S ni ulizoagiza wewe. Inasubiri ukubali. Watu wengi hubonyeza bila kusoma, kwa mazoea. Mimi namfundisha kila mtu aweke kidole kwenye kioo na asome kwa sauti: tatu, tatu. Betri ya seli 3 iliyojaa ina volti 12.6, na ya seli 4 iliyokwisha kabisa inaweza kuwa na hizohizo. Ukiiambia chaja ni nne bila ile plagi nyeupe, itaisukuma kuelekea 16.8, yaani 5.6 kwa kila seli. Haitafika huko. Itawaka njiani.

Kuhusu ampea, kanuni ni ya darasa la nne: gawanya mAh kwa 1000. Betri ya 2200 naichaji kwa ampea 2.2, ya 1300 kwa 1.3. Hiyo ndiyo wanayoiita 1C, na inajaza kwa kama saa moja. Karatasi ya betri inaweza kusema inakubali 5C, yaani mara tano ya hiyo. Sibishani nayo, ila kwangu haraka hiyo inaleta joto na kuzeesha, na saa moja nayo si kitu cha kumshinda mtu.

Wapo wanaochaji betri nne kwa pamoja kwa chaja moja, zikiwa zimechomekwa kwenye ubao mmoja unaoziunganisha. Inafaa, mradi zote ziwe na idadi sawa ya seli na volti zake zisitofautiane kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya volti kwa seli. Chukua betri iliyojaa, 12.6, uichomeke pamoja na iliyotumika, 11.1. Tofauti ni volti 1.5, na ukinzani wa betri mbili pamoja na waya unaweza kuwa milioomu 40 tu. Gawanya: kama ampea 37 zinakimbia kutoka moja kwenda nyingine papo hapo, na chaja haina sauti yoyote katika hilo, maana hazipiti kwake. Nilipoipiga hesabu hiyo kwenye karatasi, nikauweka kando ule ubao.

Joto la kwetu nalo linataka heshima. Betri iliyotua ni ya moto, na mchana wa nyuzi 33 hapa Morogoro haipoi kwa dakika tano. Naiacha mpaka nikiishika nisihisi tofauti na meza iliyolalia. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani, wala kwenye mfuko wa boda ulioachwa wazi kwenye jua. Na wanaochaji kiwanjani kwa betri ya gari, fungueni boneti, nyosheni waya, betri inayochajiwa ikae chini ardhini, nje ya gari. Kiti cha gari ni povu na kitambaa, kinashika haraka.

Wiki moja baada ya ule moto, mama mwenye nyumba aliniita. Alikuwa na mtungi wa zamani wa maji, wa udongo, uliopasuka shingoni. "Huu hauniwekei maji tena," akasema. "Weka madude yako humu." Nimeutumia tangu siku ile. Chini kuna mchanga mkavu kama inchi tatu, betri inalala juu ya mchanga, waya zinatokea pale penye ufa wa shingo, na juu naweka kipande cha kigae bila kukikandamiza. Moshi lazima upate pa kutokea. Wapo wanaotumia sanduku la chuma la kufunga kabisa, na hilo nalikataza: gesi ikikosa njia, sanduku linakuwa bomu. Mtungi unakaa uani, kwenye saruji, mita mbili kutoka ukutani, mbali na kamba ya nguo. Pembeni kuna ndoo ya mchanga. Yakitokea, kazi yangu ni kukata umeme, kuwaondoa watoto na kukaa upande unakotoka upepo, maana moshi ule una sumu inayochoma mapafu, ikiwemo floridi ya hidrojeni. Maji nayatumia kwa vitu vilivyo jirani visishike.

Nami nakaa. Hili ndilo lililobadilika zaidi. Nachukua kigoda, nakaa mahali naiona chaja, kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Ukiyatazama maziwa hayamwagiki. Geuka kumjibu mtu, yamezima moto. Katika hiyo saa moja natengeneza propela, nalehemu waya, naongea na majirani. Kila dakika kumi nasoma seli moja moja, na mara mojamoja naigusa betri. Lipo nzima ikichajiwa kwa 1C haipaswi kuwa ya moto. Uvuguvugu mdogo tu, au hata huo usiwepo. Ikianza kupata joto la kuonekana, nazima. Umeme ukikatika, nachomoa kila kitu, na ukirudi naanza upya kuanzia R na S. Usiku nikisinzia, nazima. Nikiitwa dukani, nazima kwanza.

Baada ya kurusha, betri ambazo sitazitumia kesho nazishusha au kuzipandisha hadi 3.8 kwa seli. Chaja nyingi zina programu ya kuhifadhi inayofanya hivyo yenyewe. Lipo iliyojaa ikikaa wiki mbili kwenye joto letu inaweza kuanza kuvimba kwa gesi, na iliyojaa ndiyo yenye nguvu nyingi zaidi ya kuwaka ikipata hitilafu.

Mtoto aliyepiga kelele siku ile sasa yuko darasa la sita. Jioni huja na daftari lake la kuchora mistari, tumeliwekea safu tatu, ananisomea seli. Mwezi uliopita alikuwa amechutama karibu na chaja, mikono nyuma kama nilivyomfundisha.

"Anko, ya pili imebaki tena."

"Ngapi?"

"Nne nukta kumi na moja. Zingine zimefika ishirini."

Tukafungua daftari nyuma. Wiki ile ya kwanza seli ya pili ilibaki nyuma kwa sehemu mbili tatu za mia za volti, zikafuata tano, sasa tisa. Ukinzani wake tukaupima: seli mbili zilikuwa kwenye milioomu 6 na 7, ya pili 19. Betri haikuwa imevimba, haina mkwaruzo, na kiwanjani bado inaruka vizuri. Nikaichomoa. Nikalehemu waya mbili kwenye balbu ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21, inayovuta kama ampea 1.75, nikaichomeka, betri ndani ya mtungi na balbu juu ya tofali, mbali na vidole. Mtoto akakaa kwenye kigoda changu. Balbu iliwaka kwa nguvu zaidi ya saa nzima, kisha ikaanza kuwa ya manjano, kisha nyekundu, hadi ule uzi wa ndani ukawa unaonekana tu ukiukinga kwa kiganja. Tuliiacha imeunganishwa mpaka asubuhi, huko huko uani, nje ya nyumba. Asubuhi multimita ilisoma sifuri. Nikakata plagi, nikafunga waya kila mmoja peke yake kwa tepu, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: IMEKUFA, USIBUSTI.